Kuchunguza maiti bila kisu, inawezekana?

Huku kwetu Ngara ukitaja postimotamu msibani, wazee wanakuja juu. Mwaka juzi baba yangu mdogo kule Biharamulo alilala mzima, asubuhi hakuamka. Wazee wakagoma asipasuliwe, tukazika. Mpaka leo kuna watu wanasema mama mdogo alimwekea sumu. Ndo maana nikaanza kutafuta: hakuna njia ya kujua bila kupasua?

Ipo. Inaitwa Virtopsy. Ilianzia Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa Profesa Richard Dirnhofer na mwenzake Michael Thali. Maiti inapitishwa kwenye CT-Scan, yaani eksirei inayozunguka mwili, halafu kompyuta inaunganisha picha. MRI yenyewe inatumia sumaku, na inaonyesha vizuri zaidi sehemu laini.

Inaona nini?
Risasi ilipokwama, mfupa uliovunjika, damu iliyovujia kichwani. Tena picha zinatunzwa, daktari mwingine anaweza kuziangalia hata baada ya mazishi.

Haioni nini?
Hapa ndo penyewe. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilitoa utafiti wa Uingereza wa maiti 182 za watu wazima. CT-Scan ilipishana sana na upasuaji kuhusu chanzo cha kifo kwa asilimia 32, MRI kwa asilimia 43. Ugonjwa wa mishipa ya moyo na damu iliyoganda mapafuni ni kati ya vilivyopita bila kuonekana. Na sumu? Picha haiwezi kukwambia ni sumu gani. Lazima sampuli zipimwe maabara, kwetu ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kuna njia ya kati: sindano. Kenya, huko Kisumu na Siaya, mradi wa CHAMPS umechunguza vifo vya watoto chini ya miaka 5 kwa kuchukua vinyama vidogo na damu kwa sindano, wazazi wakiridhia.

CT-Scan ya Bugando, Mwanza, ni mbali na sisi, na wagonjwa walio hai wanaihitaji kwanza. Lakini sindano? Nadhani hata wazee wetu wangeielewa, na mama mdogo angepata jibu la kuwapa watu.

Kwa hiyo kifo kikiwa na utata, muulizeni daktari kabla ya kuzika, sio baada. Wadau mnasemaje? Kwenu wazee wangekubali? Nawakilisha.