Mji wa München na Uchaguzi wa Linux

Mzoefu wa Windows akiazimu kuhamia Linux, swali la kwanza ni: Linux ipi? Maana Linux yenyewe ni kiini tu. Mafundi mbalimbali hukikusanyia programu, na kila mkusanyo huwa na jina lake.

Swali hilo liliukabili mji wa München, Ujerumani, baada ya baraza lake kuazimu, Mei 2003, kuiacha Windows NT katika kompyuta zipatazo 14,000. Kwanza ulichaguliwa mkusanyo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na kusifika kwa uthabiti. Lakini matoleo yake hayakuwa na tarehe maalumu, na kompyuta mpya zilikuwa zikinunuliwa. Ndipo mji ukachukua Ubuntu, uliotokana na Debian mwaka 2004, ambao hutolewa kila miezi sita. Jina hilo, la Kizulu na Kixhosa, ni ndugu wa neno la Kiswahili "utu".

Uhamisho ulikamilika mwaka 2013. Hata hivyo, mwaka 2017 baraza liliazimu kurudi Windows, na malalamiko ya watumishi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Basi achaguaye mkusanyo hachagui programu tu. Huchagua pia watunzaji wake na ratiba yao, na hana budi kuyapima mazoea ya watakaoutumia.