Daftari la Wakala na Cheti cha Sangara

Ukisoma nyaraka za biashara ya sangara unaweza kudhani kwamba samaki wa Ziwa Victoria hakuwa na kumbukumbu yoyote mpaka soko la Ulaya lilipoidai, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo, kwa maelezo hayo, palikuwa na mitumbwi, mizani, vurugu za mwaloni na minofu ndani ya barafu. Sikubali. Mwalo, mahali samaki wanaposhushwa, ulikuwa na kumbukumbu zake tangu mwanzo, tena za kina. Zilikuwa kwenye daftari la wakala, na ziliandikwa kwa ajili ya deni.

Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, akazagaa miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikaota Kisumu, Mwanza, Musoma, Jinja na Kampala. Kiwanda hakivui. Kinamtegemea wakala, naye wakala humkopesha tajiri mwenye mitumbwi nyavu, mashine, mafuta na fedha za kulisha vibarua. Mkopo huo una sharti moja zito: samaki wote wauzwe kwake, mara nyingi kwa bei anayoitaja yeye. Ndiyo maana anaandika kila kitu: mtumbwi wa nani, kilo ngapi, siku gani, deni limebaki kiasi gani. Baada ya mizani ndipo njia inapopotea. Chombo cha barafu huzunguka visiwani, huchanganya samaki wa mitumbwi mingi, na kinachofika mlangoni mwa kiwanda ni shehena yenye jina la wakala tu.

Kwanza Hispania na Italia zilizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya salmonela. Desemba 1997 kipindupindu kikawa sababu ya zuio lingine la Umoja wa Ulaya, lililoondolewa Juni 1998. Hapo wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba usalama wa mlaji ulikuwa kisingizio cha kubana biashara: FAO na WHO zilieleza kwamba zuio la kipindupindu halikuwa na msingi wa kisayansi, na Tanzania ililalamika katika Shirika la Biashara Duniani. Lakini hoja hiyo haifuti yaliyotokea 1999. Huko Uganda baadhi ya watu walivua kwa sumu, na Uganda yenyewe ikasimamisha mauzo yake. Kisha mlango wa Ulaya ukafungwa kwa nchi zote tatu za ziwa: Kenya, Tanzania na Uganda. Mvuvi wa Ukerewe, Tanzania, aliadhibiwa kwa sumu ambayo hakuimwaga, kwa kuwa ziwa ni moja na nchi yake haikuwa na vipimo vya kumridhisha mnunuzi kwamba samaki wake ni salama. Uganda ilirudi sokoni mwaka huohuo, Tanzania mwanzoni mwa 2000, Kenya mwishoni mwa 2000.

Mfumo uliojengwa baada ya hapo unafanya kazi uliyotumwa. Kuna maabara, wakaguzi, cheti cha afya, namba ya shehena, mialo yenye sakafu na paa, na vikundi vya BMU vya kusimamia mwalo. Ila swali lake ni moja tu: huyu samaki atamdhuru anayemla? Ushahidi ulio wazi zaidi ni sheria ya Ulaya namba 1005 ya 2008 dhidi ya uvuvi haramu, iliyoanza kutumika Januari 2010. Inadai cheti cha uvuvi kwa samaki wa baharini. Samaki wa maji baridi wameachwa nje. Kwa hiyo mnofu wa sangara unaweza kuthibitishwa usafi wake bila mtu kuuliza umevuliwa kwa wavu gani. Kanuni ya urefu wa sangara, iliyoanza kama sentimita 50 hadi 85, iliwekwa ili wadogo wakue na majike makubwa yazae, na kiwandani inapimika kwa rula. Sangara mdogo anayekataliwa hapo harudishwi majini. Huishia kwenye sufuria za jirani, au hukaushwa, hutiwa chumvi na kuvushwa kwenda Kongo kama kayabo, ambako cheti hakimfuati. Tanzania ilipoendesha Operesheni Sangara mwaka 2018, nyavu haramu ziliteketezwa. Wavu uliokopwa ukichomwa, deni lake halichomwi, na mwenye deni atarudi ziwani na chochote atakachopewa.

Wapo watakaosema kwamba wavuvi wapatao laki mbili, wenye mitumbwi midogo, hawafuatiliki mmoja mmoja. Wakala anawafuatilia kila siku, kwa kalamu na mizani. Pingamizi lenye uzito ni jingine: daftari ni chombo cha kumbana mvuvi, na kulifanya waraka rasmi kunaweza kuhalalisha ubanaji huo. Hatari hiyo ipo, lakini nguvu ya wakala inatokana na kuwa peke yake anayelisoma. Nakala ikikaa BMU, ikionyesha bei ya siku hiyo na aina ya wavu uliokopeshwa, mvuvi anapata pa kubishia na mkaguzi anajua amuulize nani. Haja inazidi kukua, maana mabondo (vifuko vya hewa) ya sangara yanayonunuliwa China sasa huuzwa kwa kilo kwa bei inayouacha mnofu mbali, na bondo likishatolewa tumboni na kukaushwa halipimwi kwa rula ya sentimita 50.