UZI: Sheria ya supamaketi iko. Mbona haimfikii mkulima wa nyanya?

Kila mdahalo wa kilimo hapa Kenya, lazima mtu asimame aseme supamaketi zinanyonya wakulima na iletwe sheria. Wadau, sheria iko. Ilipita 2019. Kabla tubishane, twende nyuma kidogo.

Walowezi walilijua hili mapema. Mwaka 1925 walianzisha KCC ili maziwa yao yauzwe pamoja, badala ya kila mwenye shamba kubembeleza mnunuzi kivyake. Hawa ni watu waliokuwa na ardhi kubwa na serikali upande wao, na bado waliona kuuza peke yako ni hasara. Mwafrika alikuja kufunguliwa mlango wa vyama vya ushirika na sheria ya 1945.

Baada ya uhuru vyama viliongezeka, lakini serikali ilivishika sana. Soko la maziwa likafunguliwa 1992, KCC ikaporomoka kabla miaka ya tisini haijaisha, na wafugaji wengi wakabaki wakidai pesa za maziwa yaliyokwisha kunywewa zamani.

Sasa supamaketi. Uchumi ilianzishwa na serikali 1975, ikafungwa 2006, ikafufuliwa, ikaanguka tena. Nakumatt ikafuata, halafu Tuskys. Watu hubishana kuhusu bei, lakini mimi naona silaha kubwa ilikuwa muda. Mteja analipa pesa taslimu leo, aliyeleta bidhaa anaambiwa angoje siku 60, 90, wakati mwingine zaidi. Hiyo ni mkopo bila riba. Matawi mapya yanafunguliwa kwa pesa za watu ambao hawajalipwa!

Nakumatt ilipozama ilikuwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe kabisa. Mwenye dhamana huhudumiwa kwanza. Aliyeleta mkate au maziwa ana karatasi tu, hana dhamana.

Hasira hiyo ndiyo ilisukuma marekebisho ya Sheria ya Ushindani mwaka 2019. Inataja wazi matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi: kuchelewesha malipo bila sababu, kurudisha bidhaa bila sababu, kuvunja mkataba ghafla, kumbebesha muuzaji gharama zako. Na si karatasi tu. Kampuni inayoendesha Carrefour hapa Kenya iliamuliwa kwamba ilimkosea muuzaji mmoja wa yoghurt, na jopo la rufaa likakubaliana na uamuzi huo 2021. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ikaipiga faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wawili wengine, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia.

Angalieni walalamishi. Yoghurt, asali, mafuta. Wote ni kampuni, zina mkataba, zina wakili, zina stakabadhi.

Mkulima wa nyanya kule Mwea hana kitu kama hicho. Yeye humuuzia broka shambani, kwa kreti, kwa mdomo. Broka akisema soko limeshuka, utabisha na nini? Kesho nyanya zimelainika. Kama mwisho wa safari ni supamaketi au Marikiti, yeye hata hajui, na hakuna mahali jina lake limeandikwa. Kisheria, aliyeuzia supamaketi ni mtu mwingine.

(Na msimtukane broka sana. Lori ni lake, na zikioza njiani hasara ni yake.)

Sasa tazama Githunguri. Chama cha wafugaji cha tangu 1961. Kwa miaka mingi kilikusanya maziwa na kuuzia wengine. 2004 kikafungua kiwanda chake, na leo maziwa ya Fresha yako kwenye rafu za supamaketi. Mwenye ng'ombe wawili hakutani na supamaketi. Chama ndicho kinakutana nayo, na mashine za kupoza maziwa zinakipa nafasi ya kukataa bei mbaya leo na kuuza kesho.

Najua mtasema vyama pia vimekula pesa za wakulima. Kweli kabisa, waulizeni watu wa kahawa. Kwa hivyo ukaguzi wa hesabu nao uwe kwenye mjadala.

Mwanasiasa akija kwenu kuahidi faini kubwa zaidi, muulizeni hivi: hapa kwetu chumba baridi cha nyanya kitajengwa wapi, na funguo atashika nani?