PSP ya Sony: uzuri wake na kasoro zake

PSP, kwa jina kamili PlayStation Portable, ni mashine ya michezo ya video yenye mutu anashika mukononi. Kampuni ya Sony ilianza kuiuzisha kule Japani Desemba 2004, kisha Marekani na Ulaya mwaka wa 2005. Iliacha kuitengeneza mwaka wa 2014. Kwa hiyo ile yenye muzazi anaonyeshwa leo ku soko, karibu kila mara ilikwisha kupita ku mikono ya wengine. Je, inafaa kuitolea feza?

Uzuri wake

Jambo la kwanza ni umeme. PSP inachajiwa kwa volti 5, sawa na telefone. Ukiwa na kamba yake, batri ya akiba ao paneli ndogo ya jua inatosha, hata kama umeme wa muji umekatika. Tena, kwa PSP-1000, PSP-2000 na PSP-3000, batri inatoka kwa kidole, bila turnevisi. Batri ikikufa, mutu anaweka ingine.

Ya pili, haihitaji intaneti. Mutoto anacheza bila kununua mega, na PSP mbili zinaweza kuunganishwa kwa Wi-Fi yao zenyewe. Inapiga pia muziki na video, na inaonyesha picha. Muzazi anaweza kuweka kode ya namba ine ili kufunga michezo yenye haifai kwa watoto.

Kasoro zake

Michezo iko ku diski ndogo inaitwa UMD. Inazunguka ndani ya mashine: inafanya sauti, inakula batri, na inachukua muda kufunguka. UMD hazitengenezwe tena.

Kadi yake ya kutunza vitu ni Memory Stick Duo. Kadi ndogo ya telefone haiingii bila adapta. Wi-Fi yake ni ya zamani, haijue ulinzi wa WPA2, kwa hiyo mara mingi inashindwa kuingia ku intaneti ya leo. Na iko na kijiti kimoja tu cha kuongozea, upande wa kushoto. Kwa michezo ya kupiga risasi, hiyo ni shida.

Aina hazilingane

PSP-1000, ya kwanza, ni nzito, lakini batri yake ni ya mAh 1800. PSP-2000 na PSP-3000 ni nyepesi, na batri ni ya mAh 1200. PSP Go ya 2009 haina nafasi ya UMD, na batri yake imefungiwa ndani. E1000 ya 2011 haina Wi-Fi kabisa: watoto wawili hawawezi kuunganisha mashine zao.

Mbele ya kulipa

Fungua kifuniko cha nyuma. Batri yenye imevimba ni ya hatari, isichajiwe tena. Ingiza UMD na kungoja muchezo ufunguke kabisa. Washa ekrani, jaribu kila kifinyo na kile kijiti: kisijiendeshe chenyewe. Uliza kama chaja na kadi viko pamoja, kwani kuvitafuta nyuma kunaweza kupandisha bei.

Kwa nyumba yenye umeme wa kubahatisha, PSP ingali mashine nzuri. Lakini vitu vyenye vinaisha haraka, batri na diski, ndivyo vigumu kupata vipya. Muzazi apime hivyo kwanza, rangi ya mashine nyuma.