Sehemu ya 6: Mji wa bondeni uliookolewa na chumvi

Leo nawasafirisha kidogo, ili mjue kwa nini mkija kliniki nawauliza, "Nyumbani mnatumia chumvi gani?"

Kuna mji mdogo Uswisi unaitwa Sion. Uko bondeni kando ya mto Rhône, milima ya Alps imeukaba huku na huku. Ndani ya mji kuna vilima viwili: kimoja kina kanisa la kale la Valère, kingine magofu ya ngome ya Tourbillon iliyoungua mwaka 1788. Jua lipo, zabibu zinastawi. Ukiutazama utasema hapa hakuna kinachokosekana.

Kumbe kipo.

Wasafiri wa karne ya 18 na 19 waliopita bonde hilo waliandika habari za watu wenye tezi kubwa shingoni, na watoto waliozaliwa wamedumaa mwili na akili, wengine viziwi wasiosema. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Msomi wa Geneva, de Saussure, alisema ni hewa ya joto iliyotuama bondeni. Wengine walilaumu maji ya theluji. Wengine, kama kawaida, wakawalaumu wazazi.

Tatizo lilikuwa udongo. Barafu na mvua za miaka mingi zilisomba madini joto, yaani ayodini, kutoka milimani. Mboga hazina, maziwa hayana, maji hayana. Mama mjamzito akiyakosa sana, tezi yake haitoi homoni ya kutosha, na ubongo wa mtoto tumboni hausubiri.

Ayodini iligunduliwa Ufaransa mwaka 1811 kwenye majivu ya mwani. Mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva akaitumia kutibu tezi. Lakini watu walipewa dozi kubwa, baadhi wakaugua, dawa ikaogopwa. Karibu miaka 100 ikapita hivyo hivyo!

Mwaka 1918 Dk. Otto Bayard, daktari wa jimbo hilohilo la Valais, akachanganya ayodini kidogo sana kwenye chumvi ya familia chache za kijiji cha Grächen. Tezi zikapungua. Mwaka 1922 chumvi ya aina hiyo ikaanza kuuzwa jimbo la Appenzell Ausserrhoden, kisha ikaenea nchini. Watoto wa kudumaa vile wakaacha kuzaliwa.

Sasa turudi nyumbani. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni watu wa milima. Bibi yangu alikuwa na tezi, akajifunga kitambaa shingoni hata wakati wa joto. Tuliambiwa ni la ukoo. Halikuwa la ukoo, jamani. Ni chumvi tu.

Kwa hiyo mama:
- Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, hata kama ile ya kupimiwa ni rahisi zaidi.
- Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moto na unyevu.
- Itie chakula kikikaribia kuiva.
- Usiongeze chumvi nyingi ukidhani ndiyo dawa. Kidogo kinatosha.

Ukiona uvimbe shingoni, njoo kituoni, usijifunge kitambaa. Nenda kaangalie pakiti yako ya chumvi sasa hivi, uniambie imeandikwaje.