Jina la Upande, Jina la Lugha: Kinyamwezi na Kisukuma katika Mizani ya Kimalayalamu

Kata ya Lusu, katika Wilaya ya Nzega mkoani Tabora, imo katika ukanda ambao Kinyamwezi na Kisukuma hukutana pasipo mpaka unaosikika, kwani anayesafiri kutoka kusini kwenda kaskazini hukuta matamshi na msamiati vikibadilika kidogo kidogo, kijiji baada ya kijiji. Hali hii wanaisimu huiita mwendelezo wa lahaja, yaani mfululizo wa lahaja ambamo majirani huelewana kwa urahisi ilhali wasemaji wa ncha mbili hupata taabu. Hata hivyo, katika uainishaji wa Malcolm Guthrie wa lugha za Kibantu, Kisukuma kimepewa nambari F21 na Kinyamwezi F22, kana kwamba pana ukuta kati yake. Makala haya yanadai kwamba utengano huo ulitokana na biashara, utawala na maandishi zaidi kuliko na sauti za lugha zenyewe, na kwamba uliishia njiani kwa sababu Kiswahili kilitangulia kushika nafasi ya lugha ya maandishi.

Ushahidi wa asili moja ni mwingi. Lugha zote mbili zina irabu saba, na zote mbili hufuata kanuni iliyopewa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravia aliyekichunguza Kinyamwezi: zinapofuatana silabi mbili zenye konsonanti sighuna, yaani zisizotikisa nyuzi za sauti, ile ya kwanza hugeuka kuwa ghuna. Ndiyo maana penye “tatu” ya Kiswahili pana “-datu” kwa Mnyamwezi na kwa Msukuma vilevile, na penye “fupi” pana “-guhi”. Ni kweli kwamba msamiati na toni hutofautiana, na kwamba Msukuma wa mashariki ya mbali hamwelewi kwa wepesi Mnyamwezi wa kusini mwa Tabora. Lakini tofauti za namna hiyo zimo pia ndani ya Kisukuma chenyewe, ambacho hakijagawanywa kwa sababu hiyo.

Majina nayo yanafundisha. “Sukuma” maana yake ni kaskazini na “dakama” ni kusini, kwa hiyo mtu aliyeitwa Msukuma na jirani zake wa kusini aliweza kuwaita wengine, walio kaskazini yake, kwa jina hilohilo. “Wanyamwezi” ni jina lililoenezwa na watu wa pwani, ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa na maana ya watu wa mwezi. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji iliwategemea wapagazi wa nchi hizo, na mara nyingi hata waliotoka karibu na Ziwa Victoria walihesabiwa kuwa Wanyamwezi. Jina hilo halikuzaliwa na dola moja, kwani Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi aliyefariki mwaka 1884, na watemi wa Unyanyembe, eneo la Tabora, walipigana vita kuigombea njia hiyohiyo.

Wakati wa Waingereza, jina la upande liligeuka kuwa jina la taifa. Watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho lililokuwa na makao Malya, na mwaka 1955 wakulima wa pamba wakapata Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Nzega, ambayo ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, ilibaki nje ya shirikisho la Malya. Mpaka wa majimbo ukawa hivyo mpaka wa kabila, na wamisionari, kila kundi likiandika lahaja ya jirani na kituo chake, wakauongezea mpaka wa maandishi.

Kimalayalamu cha Kerala, India, kilifuata njia inayofanana na hiyo kisha kikaipita. Jina lake pia lilitokana na mahali, kwani “mala” ni mlima, na milima ya Ghats ya Magharibi iliwatenga wasemaji wake na ndugu zao wa Kitamili. Kitenzi cha Kimalayalamu kilipoteza viambishi vya nafsi ambavyo Kitamili kimevihifadhi hadi leo, lakini badiliko hilo peke yake lisingetosha. Watunzi walikichanganya na Kisanskriti katika mtindo ulioitwa Manipravalam, ambao katika karne ya 14 ulipata kitabu chake cha sarufi, Lilatilakam. Na mwaka 1956 kikapata jimbo lake, Kerala.

Tofauti ya msingi imo hapa. Kisanskriti kiliingia ndani ya Kimalayalamu na kukitajirisha bila kukiondoa kwenye maandishi, ilhali Kiswahili, kilichofika Tabora pamoja na misafara na kisha kutumiwa na serikali ya Wajerumani na shule za Waingereza, kilikalia kiti chenyewe cha maandishi na mamlaka. Kwa sababu hiyo Kinyamwezi na Kisukuma havikupata mahakama, gazeti la kila siku wala mtihani wa kuikamilisha kazi ya kuvitenganisha. Mwanafunzi wa isimu atakayeichora ramani ya lugha za Nzega hana budi, basi, kuanza na masikio ya wanakijiji, si na mipaka ya majimbo ya kikoloni.