Ahadi ni Deni: Marekani na Wafanyakazi wa Viwanda Walioondolewa Kazini na Bidhaa za Nje, 1962–2022

Nchi inapopunguza ushuru wa forodha, faida huwafikia wanunuzi wote kidogo kidogo, lakini hasara huwaangukia watu wachache kwa mkupuo: kiwanda kinafungwa na mshahara unakatika. Je, serikali iliyotia saini mkataba ina deni kwa watu hao? Mwaka 1962 Marekani ilijibu kwamba inalo, na kwa takriban miaka 60 ilikuwa na mpango wa kulilipa. Katika insha hii ninaufuatilia mpango huo. Hoja yangu ni kwamba uzito wa ahadi haukutokana na kiasi cha fedha tu. Ulitegemea pia swali la kisheria linalosahaulika kirahisi: nani athibitishe, na athibitishe nini?

Wazo lenyewe lilitoka kwa wafanyakazi. Mwaka 1954 David McDonald, rais wa chama cha wafanyakazi wa chuma, alilipendekeza akiwa mjumbe wa tume ya serikali iliyochunguza sera ya biashara ya nje. Hakudai bidhaa za nje zizuiwe. Alidai wale watakaoumia wasaidiwe. Wenzake katika tume hawakukubali, lakini John F. Kennedy, wakati huo akiwa seneta, alilichukua. Alipokuwa rais alihitaji mamlaka ya kujadiliana na Ulaya kuhusu kupunguza ushuru, na alihitaji vyama vya wafanyakazi vimuunge mkono. Msaada huo ukawa sehemu ya makubaliano. Sheria aliyotia saini tarehe 11 Oktoba 1962 iliahidi malipo ya hadi asilimia 65 ya mshahara wa wastani kwa wiki 52, pamoja na mafunzo na msaada wa kuhamia penye kazi.

Kwa maandishi, ahadi hiyo ilikuwa nono. Hata hivyo, hadi Novemba 1969 hakuna ombi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Sababu ilikuwa masharti. Tume ya Ushuru ilitakiwa kuridhika, kwanza, kwamba kupunguzwa kwa ushuru ndiko kulikosababisha kwa sehemu kubwa bidhaa za nje kuongezeka; pili, kwamba bidhaa hizo ndizo chanzo kikuu cha kazi kupotea. Fundi wa kiwanda cha viatu angewezaje kutenganisha athari ya ushuru na ile ya mitindo, mashine au usimamizi mbaya? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa uji, kisha akaombwa cheti cha ugonjwa.

Sheria ya biashara ya 1974, iliyotiwa saini Januari 1975, ililegeza masharti. Uhusiano na ushuru ulifutwa, na ilitosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa kiasi cha maana. Kikundi cha wafanyakazi watatu kiliweza kupeleka ombi, na uchunguzi ukawa kazi ya Wizara ya Kazi. Badiliko hili naliona kubwa kuliko ongezeko lolote la malipo, kwa sababu takwimu za forodha ziko mikononi mwa serikali, si mikononi mwa mtu aliyefukuzwa kazi. Magari ya Japani yalipotikisa viwanda vya magari, malipo ya mwaka 1980 yalifikia takriban dola bilioni 1.6.

Ndipo deni likaonekana zito. Mwaka 1981, chini ya Rais Reagan, Bunge lilishusha malipo hadi kiwango cha mafao ya kawaida ya kukosa ajira, na yakaanza kutolewa baada ya mafao hayo kwisha. Mwaka 1988 kuhudhuria mafunzo kukawa sharti. Lakini mafunzo yana mipaka yake. Kampuni ya nguo ya Pillowtex ilipofungwa Julai 2003, zaidi ya watu 4,000 walipoteza kazi katika eneo la Kannapolis, North Carolina. Wengi walikuwa wamefanya kazi ya nguo miaka mingi bila kumaliza sekondari. Kwao, kurudi shuleni kulimaanisha kuanza tena na hesabu na kusoma kabla ya kufikia ufundi mpya.

Wapo wanaouliza: kwa nini anayepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje asaidiwe kuliko anayeipoteza kwa sababu ya mashine? Swali ni la haki, maana njaa ya wote wawili ni moja. Jibu langu ni kwamba mkataba wa biashara ni uamuzi wa serikali, wenye tarehe na saini. Anayeamua kwa niaba ya wote hawezi kuwaachia wachache gharama yote. Kama jibu hilo halitoshi, basi dawa ni kuwasaidia wote wawili, si kumnyima mmoja.

Tangu tarehe 1 Julai 2022, Wizara ya Kazi ya Marekani haipokei maombi mapya, kwa kuwa Bunge halikuongeza muda wa mpango. Biashara na nchi za nje inaendelea.

Sisi tunaosoma Rwanda tuna sababu ya kuifuatilia historia hii. Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi Januari 2021, na Kigali ilichaguliwa kuwa makao ya Mfuko wa Marekebisho, unaolenga kusaidia nchi wanachama na sekta binafsi kuukabili ushindani mpya. Nchi ina wizara ya kuisemea, na kampuni ina mhasibu. Mshonaji wa kiwandani ana kitambulisho cha kazi tu. Kabla ya kuuliza mfuko una fedha kiasi gani, tuulize kama yeye na wenzake wawili wanaweza kupeleka ombi, na ni nani atakayekwenda kutafuta ushahidi.